Mhasibu Kijana Asiondoke Kimyakimya

Jioni moja hivi karibuni tulikaribishwa katika nyumba moja ya Mwanakwerekwe, si mbali na soko, pahali ambapo sauti za makondakta wa daladala za Fuoni husikika mpaka ukumbini. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu aliyeitumikia Serikali kwa miaka mingi akiwa karani wa hesabu. Juu ya meza palikuwa na barua ya kurasa nne iliyotoka Dubai. Barua hiyo ilimhusu binti yake, ambaye miezi michache kabla ya hapo alikuwa amefaulu mtihani wake wa mwisho wa uhasibu, naye alikuwa amepewa siku 14 aseme kama anaikubali kazi au haikubali.

Ami yake alikuwa ameshakubali kwa niaba yake. Bibi yake alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Baba mtu alikuwa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, nimekusomesha ujue kufunga hesabu. Za hapa nani atazifunga?" Binti akainamisha kichwa, akajibu kwa adabu: "Baba, niwie radhi. Barua za kuomba kazi nimeandika nane, na zilizojibiwa ni mbili. Hesabu za hapa sikuzikataa mimi."

Hatukuwa na jawabu usiku ule, wala hatukuitwa kutoa hukumu. Lakini tangu siku ile maneno ya pande zote mbili yamekuwa yakitujia, kwani tunajua kwamba mazungumzo kama yale yanafanyika katika nyumba nyingi za mji wetu, na katika vijiji vya Unguja na Pemba. Wanaoitazama bahari leo si wale tu wanaokwenda kufanya kazi za majumbani na za mikono, bali wamo pia wasomi wenye vyeti. Na kwa kuwa bila ya mhasibu hakuna nchi inayoweza kujua kilichomo mfukoni mwake, tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili waziwazi, mbele ya wazazi na mbele ya wakuu wa Serikali kwa pamoja.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba mtu wa hesabu kuihama nchi yake ni jambo geni, au ni aibu. Kisiwa hiki kwa muda mrefu kilitunziwa daftari zake na watu waliovuka bahari. Katika karne ya 19 ushuru wa forodha ya Unguja ulikuwa ukikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Iliyovuma zaidi ni nyumba ya Jairam Shivji, iliyokuwa na asili yake Kutch, na baadaye akaja Tharia Topan, yule ambaye kumbukumbu yake imebakia katika jumba la Zahanati Kongwe lililoanza kujengwa mwaka 1887 kando ya bandari. Nyumba za biashara za namna hiyo ziliwaleta makarani kutoka kwao, wakaandika katika daftari za Kigujarati bei ya karafuu, ya pembe na ya nguo. Hao nao waliwaacha wazee wao ng'ambo ya bahari, na bila ya shaka ziko nyumba kule ambamo mama mtu alilia siku ya jahazi kung'oa nanga.

Mambo yakawa hivyo hivyo wakati wa ukoloni. Katika ofisi nyingi za serikali ya Waingereza waliokaa kwenye meza za fedha walikuwa Wagoa, Maparsi na watu wengine waliotoka Bara Hindi. Mmoja wao alikuwa Bomi Bulsara, mshika fedha katika utumishi wa serikali hiyo, ambaye mwaka 1964 alihamia Uingereza pamoja na familia yake. Dunia inamkumbuka mwanawe Farrokh, mwimbaji aliyejulikana kwa jina la Freddie Mercury. Sisi katika makala haya tunamkumbuka baba mtu, kwa sababu alihama mara mbili, kuja kwetu na kutoka kwetu, na mara zote mbili chakula chake kilitokana na kujua kuhesabu fedha za watu kwa uaminifu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wengi wa makarani na washika fedha wa namna hiyo waliondoka. Hatuliandiki hili kwa nia ya kufufua yaliyopita. Tunaliandika kwa sababu ndani yake mna funzo kwa kila mkuu wa ofisi: wakuu wa idara wanaweza kubadilishwa kwa tangazo la siku moja, lakini mtu ajuaye kusawazisha daftari hapatikani kwa tangazo. Huyo hupatikana kwa kusomeshwa miaka, na kwa kuaminiwa miaka mingine tena.

Funzo hilo wenzetu wa Oman walilipata kwa upande wa pili. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 23, 1970, nchi yake ilikuwa na skuli tatu tu. Aliwaita nyumbani Waomani waliotawanyika nje, na miongoni mwa walioitika walikuwamo wengi waliozaliwa au kusomeshwa Unguja na Pemba, watu waliokuwa wakijua Kiingereza, kupiga taipu, kuandika majalada na kutunza hesabu. Waliingia katika wizara, katika mabenki na katika kampuni ya mafuta, wakawa miongoni mwa wale walioiendesha dola mpya. Mpaka leo ukipita katika baadhi ya mitaa ya Maskati utakisikia Kiswahili chetu kikizungumzwa barazani. Kalamu zilizonolewa katika skuli za visiwa hivi zikawa zinaandika hesabu za watu wengine, wakati ambapo sisi tulikuwa tukitafuta wa kuziandika zetu.

Kwa hiyo juhudi ya kuwasomesha wahasibu wetu wenyewe haikuwa anasa. Mwaka 1972 kilianzishwa kwa sheria Chuo cha Usimamizi wa Fedha, yaani IFM, mjini Dar es Salaam, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Vijana wetu walivuka mkondo kwenda kusoma huko. Baadaye tukawa na Chuo cha Uongozi wa Fedha Chwaka, ambacho sasa kimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Leo mtoto wa Mwanakwerekwe anaweza kuisoma taaluma hii akirejea kwao kila jioni. Hayo ni mafanikio ambayo mzee wetu, aliyejifunza hesabu kwa kumtazama karani mkubwa wake begani, hakuyapata.

Lakini mafanikio hayo yamekuja na jambo ambalo pengine hatukulitarajia. Tulipomsomesha kijana wetu uhasibu wa kisasa, tulimsomesha lugha inayozungumzwa dunia nzima. Kanuni ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, ilichapwa kitabuni na mtawa Luca Pacioli huko Venice mwaka 1494, na haijabadilika hata leo. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia mwaka 2004, ndivyo hivyo vinavyotumika Nairobi, London na nchi nyingi za Ghuba. Daktari akihama anakuta maradhi mengine na mwanasheria akihama anakuta sheria nyingine. Mhasibu akihama anaikuta mizania ile ile, ila sarafu ndiyo iliyobadilika.

Na kule Arabuni haja yake imekua. Nchi ambazo kwa miaka mingi zilijulikana kwa kutotoza kodi zimebadili mwendo. Umoja wa Falme za Kiarabu na Saudi Arabia zilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, na Oman ikafuata Aprili 2021. Kisha Falme za Kiarabu zikaweka kodi ya asilimia 9 juu ya faida za makampuni kwa miaka ya hesabu iliyoanza Juni 2023 na baada yake. Mwenye duka ambaye jana alihesabu fedha zake kwa vidole, leo anatakiwa kupeleka ritani yenye ushahidi wa kila ankara. Barua iliyofika Mwanakwerekwe haikuja kwa bahati tu, bali kwa sababu huko kuna kazi inayotaka watu.

Hata hivyo tungekuwa tunawadanganya vijana wetu kama tungewaambia kwamba milango yote iko wazi. Nchi hizo zina vijana wao waliosoma, nao wanataka kazi. Mapema mwaka 2018 Oman ilisimamisha kwa muda utoaji wa viza kwa wageni katika aina 87 za kazi, na miongoni mwake zilikuwamo kazi za uhasibu na fedha. Mwaka 2021 Saudi Arabia iliamuru kwamba kampuni yenye wahasibu watano au zaidi iwe na raia wake wasiopungua asilimia 30 katika kazi hiyo. Uingereza nayo imekuwa ikipandisha kima cha mshahara ambacho mgeni mwenye ujuzi lazima aahidiwe ndipo apewe viza. Kima cha jumla kilifika pauni 38,700 kwa mwaka Aprili 2024, na pauni 41,700 Julai 2025, ingawa ipo nafuu kwa wanaoanza kazi. Hayo ni maamuzi ya nchi huru na hatuyalaumu. Tunachosema ni kwamba anayekwenda ajue kuwa mlango aliouingilia leo huenda kesho ukafungwa nyuma yake, naye asiwe ameichoma mashua aliyopandia.

Iko njia iliyo karibu zaidi, ambayo vijana wetu huisahau kwa kuvutiwa na majengo marefu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na mwaka 2011 vyombo vya wahasibu vya nchi tano zilizokuwa wanachama wakati huo vilitia saini makubaliano ya kutambuana. Nairobi, Kampala na Kigali ni miji ambayo mhasibu wetu anaweza kufanya kazi na bado akawahi kuja kuswali Idi nyumbani. Kibali cha kazi bado kinatakiwa, na ukiritimba haujaisha, lakini cheti chake kule hakitazamwi kama karatasi ya ajabu.

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu. Sisi hatusemi kwamba kijana asiende, wala hatusemi kwamba kila mwenye kiwanda cha ndege na viza aende. Tunasema kwamba asiondoke kimyakimya, kama mtu anayeikimbia ofisi ambayo kasha lake limepungua fedha. Mhasibu mwema akihamishwa idara hukabidhi. Huandika kilichopo na kisichopo, akatia saini, na anayebaki naye akatia saini. Safari ya ughaibuni nayo yataka makabidhiano ya namna hiyo, na kila upande una lake la kuandika.

Tuanze na upande wa kijana mwenyewe. Kufaulu mtihani wa mwisho si mwisho. Ili asajiliwe na Bodi kuwa mhasibu kamili aliyeidhinishwa, anatakiwa pia awe na uzoefu wa vitendo wa miaka 3 unaokubalika. Hapo ndipo vijana wengi wanapojikwaa. Anaondoka akiwa na cheti cha mtihani, anapewa kazi yenye jina kubwa, na kumbe kazi yenyewe ni kuingiza ankara katika kompyuta asubuhi hadi jioni, hana mhasibu wa kumsimamia wala wa kumtilia saini. Baada ya miaka mitano anarudi, hakusajiliwa kwetu, hakusajiliwa kwao, na wale aliosoma nao wamekuwa wakubwa wake. Kabla ya kupanda ndege, basi, kijana aiulize Bodi kwa maandishi ni uzoefu gani wa nje utakaohesabiwa na nani anaweza kuuthibitisha, kisha aiulize kampuni kama mtu huyo yupo. Kama hayupo, mshahara uliozidi ni bei aliyolipwa kwa kuiuza miaka yake.

La pili ni mkataba. Inashangaza kwamba mtu aliyefundishwa kuikagua mikataba ya wengine hutia saini wa kwake bila ya kuusoma. Tuchukue barua ile ya Dubai kuwa mfano. Ilitaja malipo ya dirham 6,000 kwa mwezi, na ami mtu aliishia hapo. Lakini ukurasa wa pili ulieleza kwamba mshahara wa msingi ni dirham 3,000, na zilizobaki ni posho ya nyumba na ya usafiri. Kwa sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, mfanyakazi akimaliza kazi hulipwa kiinua mgongo cha siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na siku hizo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, si kwa jumla. Mhasibu mwenyewe apige hesabu. Siku 21 kwa miaka 5 ni siku 105. Kwa msingi wa dirham 3,000, siku moja ni dirham 100, basi atapata dirham 10,500. Kama msingi ungekuwa dirham 4,800 na posho 1,200, jumla ya kila mwezi isingebadilika hata senti, lakini kiinua mgongo kingekuwa dirham 16,800. Dirham 6,300 zinapotea katika mstari mmoja ambao hakuna aliyeusoma.

Sheria hiyo hiyo, iliyotolewa mwaka 2021 na kuanza kutumika Februari 2022, inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na inaweka kikomo cha miezi 6 kwa muda wa majaribio. Kwa hiyo wakala anayemtaka kijana wetu atoe fedha taslimu mkononi ili "barua isiende kwa mwingine" anastahili kuulizwa maswali, na hasa na mtu aliyesomea ukaguzi. Paspoti nayo ni mali ya mwenyewe na ya taifa lake. Haikai katika droo ya mwajiri.

Tuje sasa kwa ndugu zetu wa Serikali, na tunaomba tueleweke kwamba hatusemi kwa kulaumu. Visiwa vyetu, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, vina watu 1,889,773, na sehemu kubwa yao ni vijana. Haiwezekani kila anayehitimu akapata meza katika wizara. Lakini hatuamini kwamba haja ya wahasibu imekwisha. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti yake, na Baraza la Wawakilishi hulumbana juu ya hati za malipo zisizo na viambatanisho na daftari zisizosawazishwa. Hatujui namna nyingine ya kuyaponya maradhi hayo zaidi ya kuwa na watu waliosomea kuyaponya, waliokaa pahala panapostahili, na wanaolipwa kiasi cha kutotamaniwa na mtoa rushwa. Ikiwa ofisi ina pengo na kijana ana cheti, na barua yake haikujibiwa hata kwa neno la "tumeipokea", basi Dubai haikutunyang'anya mtu. Sisi wenyewe tumempeleka.

Wala si ofisi za Serikali peke yake. Hapo Mwanakwerekwe penyewe, sokoni, wapo wafanyabiashara wanaopokea na kutoa fedha nyingi kutoka alfajiri mpaka magharibi, na daftari lao limo kichwani. Tangu Mamlaka ya Mapato Zanzibar iichukue nafasi ya iliyokuwa Bodi ya Mapato mwaka 2022, msisitizo wa stakabadhi za kielektroniki umezidi, na mwenye duka asiyekuwa na hesabu anajikuta hana ushahidi wa kujitetea. Wahasibu vijana watatu wakiungana, wakapewa chumba na leseni bila ya kuzungushwa, wanaweza kuwatunzia hesabu wafanyabiashara hamsini kwa ada ndogo ya mwezi. Halmashauri na mabaraza ya manispaa yanaweza kuwaanzishia, na vyama vya kuweka na kukopa vinaweza kuwa wateja wao wa mwanzo. Si kila kijana angechagua njia hiyo kuliko Dubai, lakini tungekuwa tumempa cha kuchagua.

Kwa yule atakayekwenda, Serikali inalo la kufanya pia. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Zanzibar inayo Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005. Mambo ya nje ni ya Muungano, na balozi zetu za Maskati na Abu Dhabi ni za Jamhuri nzima. Baina ya pande mbili hizo ndipo kijana wetu anapoweza kuanguka: mkataba wake ulisajiliwa huku, au haukusajiliwa kabisa, na ubalozi wa kule hauna habari kwamba yuko. Tunapendekeza kwamba mkataba wa kila mtaalamu anayeondoka usomwe na ofisa wa kazi hapa Unguja au Pemba kabla ya saini, bila ya malipo na kwa siku chache, na nakala yake ipelekwe ubalozini. Isifanywe ili kumzuia, kwani mambo ya kuzuia huzaa njia za panya. Ifanywe ili ajulikane.

Tunapendekeza pia kwamba mtumishi wa umma anayepata nafasi ya namna hiyo asilazimishwe kuchagua baina ya kuacha kazi na kuacha nafasi. Apewe likizo bila ya malipo kwa muda unaojulikana, na akirudi ujuzi wake uhesabiwe katika daraja lake, asianzishwe pale alipoachia kama kwamba alikuwa amelala. Na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998, una mpango wa uchangiaji wa hiari. Hebu taarifa zake ziwafikie wanaoondoka, kabla ya fedha zao za mwanzo kuishia katika zulia na simu.

Yako na madai ambayo kisiwa kinamdai kijana. Aliyekwenda skuli kwa kodi ya mchuuzi wa muhogo anao wajibu ambao haumo katika mkataba wa Dubai. Hatumtaki atume fedha peke yake, ingawa fedha ni neema. Tunamtaka alipe ada ya Bodi kila mwaka asije akafutwa katika daftari. Tunamtaka, akija likizo, akae siku mbili na kamati ya msikiti wake au chama cha wavuvi cha mtaa wake, awafundishe kuandika mapato na matumizi. Tunamtaka, atakapojua namna makampuni makubwa yanavyoficha na namna wakaguzi wanavyofichua, aje amfundishe mdogo wake aliyeko Tunguu. Mtu anayeondoka na elimu na akairudisha imeongezeka hakuihama nchi. Ameiwekea amana.

Tulirudi Mwanakwerekwe siku ya 12 ya zile siku 14. Tulimkuta mzee amevaa miwani, barua iko mbele yake, nayo imejaa mistari ya penseli nyekundu kama daftari lililopitiwa na mkaguzi. Binti yake alikuwa amekaa karibu naye, si upande wa pili wa meza kama usiku wa kwanza. Pamoja walikuwa wametoa maswali matano, na binti alikuwa ameyapeleka kwa mwajiri. Majibu yalikuwa yamekuja. Mshahara wa msingi ulipandishwa, ingawa haukufika pale walipotaka. Kampuni ilimtaja mhasibu aliyesajiliwa atakayemsimamia na kumtilia saini. Maswali mengine mawili yalijibiwa kwa maneno ya juu juu, na moja halikujibiwa kabisa. Ami mtu alisema kuwa yametosha. Mzee alisema kuwa hayakutosha, lakini kwa mara ya kwanza alisema huku anacheka.

Binti ameondoka. Usiku wa kuagana, baba yake alimkabidhi kitu kimoja tu, nacho ni daftari jipya la jalada gumu, ukurasa wa mwanzo ameuandika kwa mkono wake tarehe, jina, na maneno "Salio la kuanzia". Kisha akatugeukia sisi akasema: "Nimempa miaka mitatu. Wa nne nitamdai." Bibi yake alilia tena, kama ilivyo haki yake.

Mzee yule amefanya la kwake, na amelifanya kwa penseli na subira, bila ya kungojea waraka wa mtu yeyote. Yaliyobaki yako mikononi mwa wenye ofisi. Miaka mitatu si mingi katika umri wa serikali. Tunawaomba ndugu zetu wenye dhamana watumie muda huo kuitayarisha meza ambayo binti huyu, na wenzake wanaoondoka kila mwezi, wataikalia watakaporudi. Na ile barua yake ya maombi, kama bado iko katika jalada, hatukuchelewa kuijibu.